KABLA YA KUPASULIWA PAFU: NGUVU YA MTU INAPIMWA NAMNA GANI?



Mtu akiambiwa kwamba ana kansere ya pafu, jamaa humwambia: « Lala tu, tunza nguvu mpaka siku ya kupasuliwa. » Shauri hilo latoka katika upendo, lakini laweza kumdhuru mgonjwa.

Jambo hili latuhusu sisi wa Ruashi. Sigara ndiyo sababu kubwa ya kansere ya pafu. Lakini Shirika la Afya Duniani, kwa ofisi yake ya utafiti wa kansere, limeandika pia vumbi la silika (mwaka 1997) na moshi wa mashini za dizeli (mwaka 2012) kati ya vitu vinavyoleta kansere kwa hakika.

Kabla ya kupasua, munganga hujiuliza maswali mawili: Je, kansere yaweza kutolewa yote? Na pafu litakalobaki, litatosha kumbeba mtu huyu? Kwa swali la pili, anapima mambo matatu.

1. Pumzi. Mgonjwa anapuliza kwa nguvu ndani ya mashini. Mapafu yetu mawili yana sehemu 19. Tuseme mtu anatoa lita 1,9 za hewa katika sekunde ya kwanza. Wakimtoa kipande cha chini cha pafu la kuume, chenye sehemu 5, atabakiwa na lita 1,4 hivi.

2. Moyo. Moyo mgonjwa hutunzwa kwanza.

3. Miguu. Mgonjwa anatembea dakika 6, ao anapanda ngazi pamoja na mtunza wagonjwa. Akipanda meta 22 kwenda juu, ni kusema vidato 130 hivi, ni alama nzuri. Akishindwa, hafukuzwi: anapimwa zaidi. Usijaribu jambo hili peke yako nyumbani.

Mbele ya munganga usijifanye shujaa. Ukificha kwamba unahema ukitembea kidogo tu, unajidanganya mwenyewe. Hatari itakungoja kwenye meza ya kupasulia.

Sasa mwaona kosa la kulala mchana kutwa: miguu inalegea, pumzi inapungua. Munganga akikubali, fanyeni hivi:
– kutembea kila siku, kuongeza polepole;
– kuvuta pumzi ndefu kama mlivyofundishwa;
– kula vizuri;
– kuacha sigara leo, si siku ya kuingia hospitali.

Msikate tamaa. Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, munganga Evarts Graham alitoa pafu zima la kushoto la mgonjwa wa kansere. Mtu yule aliishi karibu miaka 30 tena kwa pafu moja. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvuta sigara, alikufa kwa kansere ya pafu mwaka 1957.

Ukikohoa zaidi ya majuma matatu, ao ukitema damu, usingoje: njoo upimwe. Na wewe mama wa nyumba, mzee akisubiri kupasuliwa, usimtandikie kitanda mchana. Mshike mkono, mtembee pamoja.