Mkanda wa Mnyanyua Vitu Vizito na Somo la Mgongo

Katika makala hii tunakusudia kuzungumza na walimu wanafunzi juu ya kifaa ambacho si cha shule ya msingi, wala hatungependa kukiona humo: mkanda mpana wa ngozi wajifungao wanyanyuaji wa vitu vizito. Huenda msomaji akauliza mara moja, mkanda huu una uhusiano gani na ufundishaji? Uhusiano upo, na si mdogo. Mwanafunzi wa darasa la sita apitaye kila jioni karibu na uwanja ambapo vijana hunyanyua vyuma vyao, aghalabu bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji, huwaona wakijifunga mkanda kabla ya kuinama. Huona pia kwamba aliyejifunga hunyanyua kizito kuliko asiyejifunga. Basi hukata shauri, kwa mantiki ambayo si mbaya hata kidogo, kwamba nguvu imo mkandani. Siku ya pili hukaza mshipi wa kaptura yake, akaliinua peke yake dawati ambalo jana aliliinua na mwenzake.

Mwalimu akikuta jambo hili, asitosheke na kukemea. Mtoto huyo ameuliza swali la sayansi kwa vitendo, na hapana budi ajibiwe kwa sayansi.

Jambo la kwanza ambalo mwalimu yampasa alielewe mwenyewe kabla ya kusimama mbele ya darasa ni kwamba mkanda haubebi mzigo. Haumo kati ya mzigo na ardhi. Mzigo hushuka kupitia mikono, mabega, uti wa mgongo, nyonga na miguu, mkanda uwepo usiwepo. Kazi yake ni nyingine. Mnyanyuaji huvuta pumzi kwa wingi, na ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo hushuka na kuvisukuma vilivyomo tumboni. Kisha hukaza misuli ya tumbo pande zote na kuizuia pumzi kwa muda mfupi. Shinikizo ndani ya tumbo hupanda, na kiwiliwili chote huwa kigumu, kisipindike kwa urahisi. Mkanda ni ukuta ambao tumbo husukumana nao. Kwa kuwa tumbo haliwezi kutanuka kwenda nje, shinikizo hupanda zaidi kuliko lingepanda bila mkanda. Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba mtu asiyejua kuvuta pumzi na kukaza tumbo, hata akijifunga mkanda wa bei gani, amevaa pambo tu. Tendo hili la kuizuia pumzi na kusukuma huitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Kiitalia aliyeishi kati ya mwaka 1666 na 1723, ambaye yeye alikuwa akichunguza masikio wala si migongo.

Maelezo hayo, yakisemwa tu ubaoni, hayatamwingia mtoto. Tunapendekeza zana mbili ambazo hazina gharama. Ya kwanza ni chupa tupu ya plastiki laini, ya maji ya kunywa. Isimamishwe mezani bila kifuniko, mwanafunzi aibonyeze kwa kiganja kutoka juu, itabonyea. Ichukuliwe nyingine kama hiyo, ifungwe kifuniko barabara, abonyeze tena kwa nguvu ileile. Itamkataa. Ukuta wa plastiki ni uleule. Kilichoongezeka ni hewa isiyo na pa kutokea. Ya pili ni puto lililojazwa hewa kiasi. Liwekwe mezani na kubonyezwa kwa kitabu. Litatanuka kwenda kando. Kisha lizungushiwe utepe wa kitambaa katikati, libonyezwe tena. Wanafunzi waulizwe wanachokiona kabla mwalimu hajasema lolote. Katika darasa lililoongozwa vizuri, hapa mtoto mmoja atalitaja tumbo, na mwingine ataukumbuka mkanda. Mwalimu anyamaze mpaka wafike wenyewe. Wengi wetu huliharibu somo hili kwa kuharakia jibu.

Baada ya hapo darasa liko tayari kwa hesabu. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa karibu sana na pingili, takriban sentimita 5 nyuma ya katikati ya pingili za kiuno, ambazo kwa kawaida ni 5. Mzigo nao uko mbele, mbali zaidi. Huu ni wenzo ambao wanafunzi wameujua katika somo la mashine rahisi, ila safari hii egemeo limo ndani ya miili yao. Mtoto akishika ndoo ya kilo 10 ikiwa sentimita 40 mbele ya egemeo, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 10 mara 40 gawanya kwa 5, yaani kilo 80. Akiisogeza ndoo hiyohiyo mpaka sentimita 20, nguvu hushuka hadi kilo 40. Wala hatujahesabu uzito wa kichwa na kifua chake mwenyewe alichokiinamisha. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kuonyesha mahali penye faida: kuusogeza mzigo karibu na mwili kumepunguza kazi kwa nusu, bila mkanda na bila senti moja. Anayetaka kuithibitisha kwa mwili wake ashike chupa mbili za maji za lita moja moja kifuani, kisha azinyooshee mbele, na mwenzake ahesabu muda.

Kwa hiyo mpango wetu wa kufundisha ni mgongo kwanza, pumzi baadaye, mkanda mwisho kabisa, nao kwa maneno tu. Mwanafunzi asimame karibu na mzigo, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Ashuke kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka kama ulivyo asimamapo, asiukunje kama upinde. Aushike mzigo kwa viganja viwili, ainuke kwa nguvu ya miguu. Akitaka kugeuka, ageuze nyayo. Asizungushe kiuno mzigo ukiwa mikononi. Kwa pumzi, tusiwafundishe watoto kuizuia. Kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla, na kwa ndoo ya maji hakuhitajiki. Inatosha mtoto akaze tumbo na kutoa pumzi polepole wakati wa kuinuka.

Walimu wanafunzi ambao wenyewe hufanya mazoezi ya vyuma, nao ni wengi vyuoni, hutuuliza mkanda gani unafaa. Tuwajibu. Kwa mashindano ya kunyanyua yale ya Olimpiki, kanuni za kimataifa huruhusu mkanda usiozidi upana wa sentimita 12, nao huvaliwa juu ya vazi la mashindano. Kwa mashindano ya nguvu, yenye kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala na kuinua kutoka sakafuni, kanuni za shirikisho lake la kimataifa huruhusu upana usiozidi sentimita 10 na unene usiozidi milimita 13. Mikanda mingi iuzwayo ni mipana nyuma na myembamba mbele. Sisi twauona upungufu mmoja katika umbo hilo: tumbo husukuma mbele na kando pia, na panapopungua upana, ukuta umepungua. Mkanda wenye upana uleule kote humfaa zaidi ainuaye vizito sana, isipokuwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi, ambaye humchoma mbavuni juu na mfupa wa nyonga chini. Huyo achague mwembamba bila haya. Ngozi nene hudumu miaka mingi lakini huwa ngumu mwanzoni, nayo hulainishwa kwa kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Naironi yenye kifungio cha kunata ni nyepesi na hufaa mazoezi ya mwendo, ila kifungio huchakaa. Bizimu ya ulimi mmoja hufungwa upesi kuliko ya ndimi mbili, wala hatujaona sababu ya kulipia ulimi wa pili. Kipimo kichukuliwe kwa futikamba kuzunguka kitovu; namba ya suruali hudanganya, kwa maana suruali huvaliwa chini zaidi.

Katika kuuvaa, ukae kati ya mbavu na mifupa ya nyonga. Ukazwe kiasi cha kuwezesha kidole kupita kwa shida kati yake na tumbo. Aliyejifunga mpaka hawezi kuvuta pumzi kwa tumbo ameuharibu mkanda kazi yake, maana hana tena cha kusukumia. Ulegezwe kati ya zamu na zamu. Mizigo ya kupasha mwili na ile ya wastani inyanyuliwe bila mkanda, ili misuli ya kiwiliwili izoee kazi yake. Mkanda ungoje mizigo iliyo karibu na upeo wa uwezo. Mwenye shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo au ngiri amwone daktari kwanza.

Kuna watakaosema kwamba hata wafanyakazi wa maghala huvaa mikanda kutwa nzima. Ni kweli huvaa. Lakini nchini Marekani uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2000, uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 katika maduka makubwa 160, haukukuta kwamba mkanda wa kazini ulipunguza maumivu ya mgongo. Mikanda hiyo ni laini kuliko ile ya wanamichezo, na mvaaji huinua mara nyingi bila kujiandaa kwa pumzi. Hatusemi hivyo ili kudharau desturi zetu. Mama zetu hujifunga kibwebwe kabla ya kutwanga au kulima, na lugha yetu imeifanya hiyo kuwa alama ya bidii. Kibwebwe huzuia nguo na kumkumbusha mtu kukaza kiuno. Mwalimu aweza kukitumia kama mlango wa kuingilia somo, mradi asiwaache watoto wakidhani kuwa ndicho kitwangacho.

Yafaa pia tuondoe hofu moja iliyoenea, kwamba mtoto anyanyuaye vitu hudumaa kimo. Mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vema na kusimamiwa hayajaonekana kudumaza watoto. Mifupa yao, hata hivyo, bado inakua, na karibu na ncha zake pana gegedu ambalo laweza kuumia kwa mzigo mkubwa wa ghafla. Kinachotutia wasiwasi ni kazi za kila siku zisizosimamiwa na mtu, kwa mfano maji ya bustani, madawati siku ya usafi, na matofali wakati wa ujenzi.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina maji ya kilo 20, na mtoto wa darasa la tatu huenda mwenyewe hazidi kilo 25. Kwa mikoba ya vitabu wataalamu wengi hushauri mzigo usiopita asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Wanafunzi wa darasa la sita wapimane uzito, kila mmoja akokotoe kiwango chake kwa kipimo hicho, kisha wapime kwa chupa ya lita moja na kupaka mstari wa rangi ndani ya kila ndoo ya shule, mmoja kwa madarasa ya chini na mmoja kwa ya juu. Madawati yapewe watu wawili, wanne yakiwa ya mbao nzito. Mwalimu wa zamu naye aonyeshwe mistari hiyo asubuhi kabla ya foleni ya maji kuanza.