Kivuko Mbele ya Skuli: Namna ya Kupeleka Ombi la Mtaa Maskati

Ukitaka mtaa wako ubadilike, anza kwa kuutembea kwa miguu. Chagua saa ambazo watu wanautumia: alfajiri wanapotoka msikitini, asubuhi skuli zinapofunguliwa, na baada ya magharibi joto linapopungua na watu kutoka kwenda dukani. Ndani ya gari huoni kwamba njia ya miguu imekatikia kwenye ukuta wa nyumba, wala hujui mtoto anangoja muda gani mpaka gari moja limpishe.

Mitaa yetu ina sababu ya kuwa hivi, na ni vizuri uijue kabla ya kuandika. Kabla ya 1970 Oman nzima ilikuwa na kilomita chache tu za lami. Mji ukajengwa kwa kasi, katikati ya milima na bahari, ukarefuka kuelekea Sib badala ya kunenepa, na Barabara ya Sultan Qaboos ikawa uti wake wa mgongo. Raia waligawiwa viwanja vya makazi, kwa kawaida vya mita za mraba 600 hivi, na tangu 2008 wanawake wana haki sawa na wanaume katika ugawaji huo. Mgao huo ni neema kubwa, na familia nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini nyumba zikitandazwa hivyo, kila moja na ukuta wake, duka na skuli huwa mbali na barabara huwa pana. Ukitaka kuona mpango mwingine, ingia kwenye vichochoro vya zamani vya Matrah. Vimebanana, kivuli cha ukuta huu kinaangukia ukuta ule, na bibi mzee anaweza kutembea hata saa tano asubuhi. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, nani wa kumwendea? Hapa ndipo maombi mengi yanapopotea. Mitaa ya ndani, usafi na bustani ni kazi ya Baladia (manispaa) ya Maskati, na kituo chake cha simu ni 1111. Matumizi ya ardhi, kama vile kiwanja kilichotengwa kuwa cha wazi, ni ya Wizara ya Makazi na Mipango Miji. Usalama wa barabarani na makosa ya madereva huenda kwa Polisi ya Kifalme ya Oman. Mabasi ni ya Mwasalat, walioanza upya huduma za mjini mwezi Novemba 2015 kwa njia ya Ruwi hadi Mabela. Zaidi ya hao yupo wali wa wilaya yako. Mkoa wa Maskati una wilaya sita: Maskati, Matrah, Bausher, Sib, Al-Amerat na Quriyat. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua kazi ya wali. Neno letu "liwali" limetoka huko huko.

Barua yenyewe iwe fupi, iwe ya Kiarabu, na iombe jambo moja. Usiandike kwamba madereva wanakwenda mbio na serikali haijali. Ofisa hana la kufanya na sentensi hiyo. Andika anachoweza kwenda kukipima. Kwa mfano: "Naomba kivuko chenye tuta mbele ya lango la skuli, Al-Khuwair, wilaya ya Bausher, sikka nambari kadha. Siku tatu mfululizo, kuanzia Jumapili, kati ya saa 12:45 na saa 1:15 asubuhi, nilihesabu watoto 60 wanaovuka hapo kila siku. Kivuko cha karibu kipo mita 400." Tarakimu hizo ni za mfano tu, za kwako zitoke kwenye daftari lako. Nambari ya sikka, yaani njia ya ndani ya mtaa, imeandikwa kwenye kibao cha kona. Bila hiyo mkaguzi atazunguka na kurudi. Tia picha, lakini ya lami na lango tu. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao, ya 2011, inalinda faragha, kwa hiyo nyuso za watu na nambari za magari zisionekane, na jambo lako lipite ofisini kabla ya kulirusha kwenye simu za watu.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: angalia maji yanapita wapi. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipopiga, maji ya wadi, yaani mikondo ya mvua, yalishuka kutoka milimani na kuuzamisha mtaa wa Qurum, na watu wapatao 50 walipoteza maisha nchini. Kwa hiyo ukiomba tuta, ukuta au maegesho, tazama kwanza kama pale ni mkondo. Wadi iliyokauka miaka mitatu bado ni wadi. Waulize majirani wa zamani maji yalifika wapi mwaka ule, na uliandike hilo katika barua, wahandisi wanalihitaji.

Raia wana mlango mwingine, nao ni baraza la manispaa. Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanyika Desemba 2012, na katika ule wa Desemba 2022 kura zilipigwa kwa programu ya simu iitwayo Antakhib. Muhula ni miaka minne na umri wa kupiga kura ni miaka 21. Mabaraza haya hutoa maoni na mapendekezo, hayatoi fedha wala amri. Lakini mjumbe akilileta ombi lako kikaoni, linaingia kwenye kumbukumbu. Mwendee nyumbani au kwenye majlisi, umpe nakala. Asiye raia hapigi kura, ila hakuna kinachomzuia kupiga 1111 na kueleza taa iliyozimika.

Omba pia kivuli. Katika mji ambao joto lake la kiangazi hupita nyuzi 40, kituo cha basi kisicho na paa humrudisha mtu kwenye gari. Mikunazi miwili (sidri) kando ya njia ya miguu ni ombi la haki kama lami.

Kila unapopeleka jambo, chukua nambari ya kumbukumbu na uandike tarehe. Baada ya wiki tatu piga simu, taja nambari, uliza limefika kwa nani. Ukiambiwa bajeti ya mwaka imekwisha, omba jibu hilo kwa maandishi, na uulize kama kivuko kimeingizwa kwenye mpango wa mwaka ujao.