Mabomu Yaliyolala Mashambani: Maswali na Majibu

Japani, Ujerumani na Vietnam zilipigwa mabomu, leo zinanawiri. Huenda mabomu hufungua njia ya maendeleo?

Barua za namna hii ni nyingi, na kila moja inaniumiza. Nazijibu pamoja. Ni kweli, Hiroshima na Nagasaki zilirejea kwenye mkondo wao wa ongezeko la watu ndani ya miongo michache. Ni kweli pia kwamba wanauchumi Edward Miguel na Gérard Roland walilinganisha wilaya za Vietnam zilizopigwa sana na zilizopigwa kidogo, wakakuta kwamba miaka 25 baada ya vita umaskini haukutofautiana sana. Hapo ndipo watu huacha kusoma! Kulinganisha wilaya na wilaya hakupimi kile ambacho nchi nzima ilipoteza. Zote zikirudi nyuma kwa pamoja, pengo kati yao halitaonekana. Tena serikali ya Vietnam ilielekeza fedha za ujenzi kulikoharibika zaidi, na fedha hizo hazikujenga kitu kingine. Aliyeunguliwa na nyumba akajenga nyingine, hasara ya ile ya kwanza iko palepale. Vita viliisha 1975, lakini uchumi wa Vietnam ulishika kasi baada ya mageuzi ya kiuchumi ya Doi Moi ya 1986. Nayo Japani iliinuka kwa kuwa ilibakiwa na wahandisi, mafundi na walimu. Ujerumani je? Mwanauchumi Mevlude Akbulut-Yuksel ameonyesha kwamba watoto wa miji iliyobomolewa zaidi walisoma miaka michache kuliko wenzao, na walipokua walipata kipato kidogo.

Mbona Laos haikuinuka vivyo hivyo?

Kwa sababu vita bado vimo ardhini. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliidondoshea zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Ya mtawanyiko yalimwaga vibomu vipatavyo milioni 270, ambavyo wenyeji huviita bombi. Inakadiriwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Mkoani Xieng Khouang, kabla ya kuchimba msingi wa shule au kusimamisha nguzo ya umeme, sharti wataalamu waikague ardhi hatua kwa hatua. Gharama hiyo haiandikwi popote kama hasara ya vita. Utaiona kwenye mradi uliochelewa, au usioanza kabisa. Waliouawa au kujeruhiwa tangu vita viishe wanapita 20,000, na aliyepoteza mikono hulelewa na familia iliyomtegemea.

Kwa nini wakulima wasilime tu palipo na rutuba zaidi?

Huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Mtafiti Erin Lin, aliyechunguza Kambodia, ambayo nayo ilipigwa mabomu, ameeleza kwamba udongo wenye rutuba ni laini, hivyo bomu huzama bila kulipuka. Mkulima mwenye ardhi bora ndiye anayeogopa kuingiza jembe, akalima kipande kidogo na kuvuna haba.

Nasikia mabomu ya zamani yana zebaki nyekundu yenye bei kubwa.

Hakuna kitu hicho duniani. Anayekuambia hivyo anakutuma ukafe.

Na kuuza vyuma chakavu vyake?

Usiguse.

Nani alipie usafishaji?

Aliyedondosha. Mwaka 2016, miaka 43 baada ya ndege kuacha kupiga, Rais Barack Obama alikwenda Vientiane, mji mkuu wa Laos, akaahidi dola milioni 90 kwa miaka mitatu. Ni hatua, lakini Marekani mpaka leo haijajiunga na mkataba unaopiga marufuku mabomu ya mtawanyiko.