Somo kwa Vyama vya Msingi: Kupima Uoto kwa Picha za Setilaiti

Mkulima wa Segese akisimama kando ya shamba lake hutambua mara moja kama pamba imeshika au imedhoofu. Setilaiti nayo hulitazama shamba hilo hilo, ila hupima na mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi miali ya infraredi. Likinyauka, tofauti hiyo hupungua.

Kutokana na tofauti hiyo hupatikana kielezo cha uoto, kiitwacho kwa kifupi NDVI. Kiasi cha nyekundu hutolewa katika kiasi cha infraredi, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya vyote viwili. Shamba likirudisha infraredi 45 katika kila 100 na nyekundu 5, tofauti ni 40, jumla ni 50, na kielezo ni 0.8, uoto huo ni mnene. Ardhi tupu iliyorudisha 30 na 20 hupata 0.2 tu.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972. Kwa picha za Sentinel-2, zinazotolewa bure, kila kiraka kina upande wa mita 10, hivyo ekari moja ina viraka 40 hivi. Mawingu ya masika huficha baadhi yake.

Penye kutaka uangalifu mkubwa ni udongo. Pamba changa ya umri mmoja na unene mmoja, ikiwa kwenye mbuga nyeusi, huonyesha kielezo kikubwa kuliko ikiwa kwenye luseni, kwa kuwa mchanga mweupe hurudisha mwanga mwingi. Mwaka 1988 mtaalamu Huete alitoa kanuni ya kurekebisha kasoro hiyo: jumla ya chini, ikiandikwa kwa desimali, huongezwa 0.5, na jibu huzidishwa kwa 1.5. Hata hivyo hakuna kanuni inayotenga pamba na magugu. Shamba lililomezwa na ndago laweza kung'aa kupita la jirani aliyepalilia vema!

Ngitili zina faida yake ya pekee. Mpango wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoandikwa Shinyanga zilikuwa hekta 600 hivi. Baada ya miaka ya 2000 kuingia zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Picha ya Februari haifai kuzitazama, maana kila kitu ni kijani. Ya Juni, nyasi zikiwa zimeanza kukauka, huonyesha miti iliyosalia, na mahali palipofyekwa kwa mkaa au mashimo ya dhahabu.

Kwa hiyo katibu hulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita, luseni na luseni, na huandika tarehe ya kupanda kando ya kila tarakimu. Mwanachama mwenye mkopo wa pembejeo akidai kwamba zao limekauka, kielezo kikubwa hakitoshi kumkatalia. Wajumbe wawili waende shambani kabla halmashauri haijaketi.