Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Safari za Kutumikia Ugenini

Somo letu la leo latokana na suali tuliloulizwa darasani na mzazi mmoja. Wamekuja watu nyumbani kwake kumtaka amtoe mwanawe wa miaka sita akalelewe katika nyumba ya mayatima, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo huja wakati wa likizo kuwahudumia watoto. Mzazi yu hai, na mkewe yu hai. Akatuuliza: je, safari hizi za vijana zina kheri ndani yake?

Kabla ya kumjibu yapasa tutazame asili ya jambo lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1960, John F. Kennedy, naye wakati huo agombea uraisi wa Marekani, alisimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan akawauliza ni wangapi walio tayari kwenda kufanya kazi katika nchi kama Ghana. Tarehe 1 Machi 1961, akiwa ameshakuwa Raisi, aliunda Peace Corps, na mwezi wa Agosti kundi la kwanza likashuka Accra. Walikuwa ni walimu, na hapo hapo uwanja wa ndege wakawaimbia wenyeji wimbo kwa Kitwi. Tena sharti lao lilikuwa kukaa miaka miwili. Mtu aweza kuwa na shaka na siasa ya waliowatuma, lakini hawezi kusema kuwa walikuja bure bure.

Ama safari za siku hizi, nyingi ni za wiki mbili au tatu, na mwanafunzi mwenyewe ndiye alipaye. Hapa ndipo mambo yalipogeuka, kwani alipaye huwa ni mnunuzi, na mnunuzi hutafutiwa akipendacho.

Ivan Illich, padri mzaliwa wa Vienna aliyekaa miaka mingi Cuernavaca katika Mexico, aliliona jambo hili mapema. Tarehe 20 Aprili 1968 aliwahutubia wanafunzi waliokuwa wakienda kutumikia vijiji vya Mexico, akawasihi waje kutazama na kusoma, wala wasije kusaidia. Hoja yake moja ilikuwa lugha: asiyejua lugha ya watu hajui hata wanamwonaje. Twaona alizidisha ukali, maana hakumbakizia kijana mlango wowote wa huduma ugenini. Lakini katika hili la lugha alisema kweli. Sisi wenyewe tumewaona watoto wa kijiji kimoja wakifundishwa majina ya viungo vya mwili kwa Kiingereza mara nne kwa mwaka mmoja, kwa kuwa kila kundi lilipofika halikujua lililotangulia liliishia wapi. Watoto, kwa adabu yao, walijifanya hawajui.

Hilo ni dogo. La watoto wa kulelewa ndilo kubwa. Nyumba ipatayo wageni na fedha kwa ajili ya watoto haina budi kuwa na watoto, na wasipopatikana mayatima hutafutwa maskini. Kambodia, baina ya mwaka 2005 na 2010, nyumba hizo ziliongezeka kwa asilimia 75. Na ripoti iliyotolewa 2011 pamoja na UNICEF ilionyesha kwamba karibu watoto watatu katika kila wanne waliomo walikuwa na mzazi aliye hai. Hapa Kenya, mwaka 2017, serikali ilisimamisha kusajiliwa kwa nyumba mpya za namna hii. Na yatima kwetu ana maana yake: ni mtoto aliyefiwa na baba. Vipi basi mtu aitwe yatima na babake ameketi barazani?

Tena mtazameni mtoto mwenyewe. Leo amebebwa, amechekeshwa, amepigwa picha; baada ya wiki mbili aliyembeba hayupo, na amekuja mwingine. Mwanafunzi hurudi kwao na kumbukumbu njema, bila ya kudhamiria ubaya wowote.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Mwanafunzi wa udaktari afanyaye kazi chini ya mkono wa daktari, au ajaye kujifunza Kiswahili kwa miezi na kukiri kuwa yeye ndiye afunzwaye, huyo twamkaribisha.

Ama yule mzazi, tulimwambia arudi kwa watu wale awaulize: fedha za kumlisha na kumsomesha mtoto huko, kwa nini asipewe akiwa kwao? Alikwenda akauliza. Akajibiwa kwamba wafadhili hawatoi ila kwa mtoto aliyemo ndani. Mtoto angali kwa wazazi wake, na sare yake na vitabu vya muhula huu vimechangiwa darasani.