NANI ANA HAKI YA KUHUKUMU?

Sisi wafinalisti tunawaletea somo la historia lililotokea ndani ya pori la Ituri, jirani yetu kabisa hapa Mulekera.

Charles Stokes alikuwa Mzungu wa Ailandi, raia wa Uingereza. Alifika Afrika mwaka 1878 pamoja na wamisionari Waprotestanti, halafu akaacha kazi ile, akawa mfanyabiashara wa pembe za tembo. Msafara wake ulitoka koloni la Ujerumani, leo Tanzania. Desemba 1894 askari wa Leopold II walimkamata, wakisema anauzia Waarabu bunduki. Kapiteni Lothaire akamhukumu haraka haraka, na tarehe 15 Januari 1895 akamnyonga. Stokes hakuwa askari; sheria ilimpa haki ya kukata rufani Boma. Hakuachiwa nafasi.

Hapo ugomvi ukaanza. Uingereza ikauliza: raia wetu amehukumiwa na nani, kwa sheria gani? Ujerumani nayo ikadai kwa ajili ya msafara. Leopold akalipa Uingereza faranga 150,000, na Ujerumani 100,000. Lothaire alihukumiwa Boma, tena Brussels, mwaka 1896. Pote pawili akatoka bila kosa.

Pengine Stokes aliuza bunduki kweli. Lakini kosa la mtu ni jambo moja, na haki ya kumhukumu ni jambo lingine. Tena tukumbuke: Wakongomani wengi waliuawa siku zile bila tribinali yoyote, na hakuna serikali iliyowadai.

Kwa nini tunasimulia haya? Muhula uliopita franga zilipotea dortuare. Usiku ule ule sisi viongozi tulimhukumu mdogo wetu wa kalasi ya saba, tukamfungia inje. Hatukumpeleka kwa walimu. Asubuhi franga zikaonekana chini ya godoro la mwenyewe. Tumemwomba mdogo wetu msamaha, lakini baridi ya usiku ule hatuwezi kumwondolea.

Nikodemo aliwauliza wakubwa swali hili hili. Someni Yohana 7:51.

Maswali:
1. Stokes alinyimwa haki gani?
2. Kwa nini serikali mbili zililipwa?
3. Ukimkamata mwizi leo, utampeleka kwa nani?