Jeki Huinua Lori, Haililindi



Tairi la lori likipasuka mpakani, mara nyingi hubadilishwa kando ya vibanda, watoto wakitazama. Kwa hiyo jeki mbovu si hatari ya dereva peke yake.

Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu ekseli moja yenye matairi manne kubeba hadi tani 10. Jeki ya gari dogo, ya tani 2 au 3, haifai kamwe. Tunashauri jeki ya mafuta ya tani 20, ili ibaki na akiba ya nguvu.

Kwanza funga breki, zuia magurudumu kwa kabari, na ulegeze nati tairi likiwa lingali chini. Simamisha jeki juu ya ubao mgumu, chini ya ekseli. Lori likiinuka, weka stendi imara. Asiingie mtu chini ya lori lililoshikwa na jeki pekee: mpira wake wa ndani ukikatika, mafuta huvuja na mzigo hushuka ghafla.

Jeki inayovuja au kushuka yenyewe ipelekwe kwa fundi. Iongezwe mafuta ya haidroliki, si ya breki, ambayo huharibu mipira yake. Ihifadhiwe wima, ikiwa imeshushwa, mahali pakavu.

Kazi ikiisha, mawe yote yaondolewe barabarani. Jiwe lililosahauliwa mchana huweza kumuua mwendesha bodaboda usiku. Nanyi wakazi, tunawasihi muwaweke watoto mbali.